Wanaofanya Kazi na Daktari wa Mifugo: Wajue, Wamlinde Mtoto Wako

  Popote ulipo, iwe ni Malindi mjini, Watamu, Gongoni, Marafa, Ganze, Bamba, Kaloleni au Mtwapa, vuta kigoda ukae karibu na redio. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama unanyonyesha, endelea kunyonyesha huku ukisikiliza.

Leo nitazungumza juu ya watu ambao huenda hukutegemea muuguzi awataje. Ni wale wanaofanya kazi pamoja na daktari wa mifugo: karani anayeandika kwenye daftari, msaidizi anayechanja, kijana anayeshika mnyama na kuosha sakafu, mtaalamu wa maabara, mkaguzi wa nyama, na yule jirani yako kijijini anayepeleka habari kwamba mbuzi wa fulani wanakufa. Mara nyingi sisi huwaita wote "daktari wa ng'ombe", na tunadhani kazi yao ni ya wanaume wenye mifugo mingi. Mama hujiambia, "Mimi nina mbuzi wawili na kuku, nikafanye nini ofisi ya mifugo?"

Mama, unalo la kufanya huko. Magonjwa mengi yanayompata mtoto huanzia kwa mnyama. Kichaa cha mbwa, homa ya Bonde la Ufa, kimeta na brusela yote hutoka kwa wanyama. Ugonjwa ukifika kwangu zahanati, tayari umeshamwingia mtu. Watu wa mifugo ndio wanaoweza kuukamata ukiwa bado zizini. Ukijua kila mmoja anafanya nini, utajua pia umwulize nani, na lini.

Daktari mmoja, mikono mingi

Daktari wa mifugo ni mtu aliyesoma chuo kikuu miaka mingi. Yeye ndiye anayetambua ugonjwa, anayepasua, na anayetoa uamuzi mgumu. Lakini madaktari hao si wengi, na eneo letu ni kubwa. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, huduma za mifugo ziko chini ya serikali ya kaunti. Kaunti ya Kilifi inaanzia Mtwapa hadi kupita Magarini, na kutoka bahari hadi bara kule Ganze. Daktari mmoja hawezi kuwa kila zizi. Ndiyo maana ana wasaidizi.

Ni kama hospitalini kwetu. Ukienda kujifungua, daktari hakuandikishi, hakupimi damu, hakutandikii kitanda, wala hafui shuka. Kila kazi ina mwenyewe, na mmoja akikosekana, mgonjwa anaumia. Kliniki ya mifugo iko vivyo hivyo. Jirani zetu wa Lamu walianza kuona jambo hili zamani, pale kliniki ya punda ilipofunguliwa mwaka 1987 na shirika la The Donkey Sanctuary. Punda mwenye kidonda mgongoni anahitaji mtu wa kumshika, mtu wa kumsafisha, mtu wa kumpa dawa, na mtu wa kumwonyesha mwenyewe jinsi ya kufunga mzigo ili kidonda kisirudi. Hiyo ni kazi ya watu kadhaa kwa mnyama mmoja.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Sasa tuvitazame vidole vyote.

Mfano: mtoto ameumwa na mbwa

Tuchukue mfano ili tuelewe vizuri. Mtoto wa miaka 6 ametumwa dukani jioni. Njiani mbwa asiyejulikana anamuuma mguuni. Mtoto anakuja nyumbani akilia. Utafanya nini?

Kwanza kabisa, osha kidonda. Tumia maji mengi na sabuni, tena kwa dakika 15 kamili. Maji ya bomba yanayotiririka ni bora, lakini hata ya mtungi, mwagia kwa kata. Usipake mafuta ya taa, pilipili, kahawa, majivu, wala unga wa betri. Usifunge jiwe jeusi ukadhani litanyonya sumu. Sabuni na maji huua virusi vingi hapo hapo, na ni dawa iliyomo ndani ya kila nyumba.

Pili, mpeleke mtoto hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo, hata kama ni mkwaruzo tu uliotoa damu. Usingoje asubuhi ya kesho kutwa. Usingoje kuona kama mbwa atakufa. Kichaa cha mbwa hukaa mwilini kimya, mara nyingi kwa miezi miwili au mitatu, wakati mwingine wiki chache tu, wakati mwingine hata mwaka. Dalili zikishaanza, mtoto akaogopa maji na kushindwa kumeza, karibu hakuna anayepona. Lakini chanjo ikitolewa mapema na kumalizwa, ugonjwa unazuilika.

Chanjo hii ina historia ambayo kila mama angefaa kuijua. Mwezi wa Julai mwaka 1885, huko Ufaransa, mama mmoja alisafiri hadi Paris na mwanawe wa miaka 9, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa vibaya na mbwa mwenye kichaa. Mtaalamu aliyeitwa Louis Pasteur alimpa chanjo mpya ambayo alikuwa akiichunguza. Mtoto yule akapona, akakua, akawa mtu mzima. Alipona kwa sababu mama yake hakukaa nyumbani kungoja. Siku hizi si lazima usafiri mbali hivyo. Ukiambiwa zahanati haina chanjo, uliza palipo nayo, uende. Na sindano si moja. Zina siku zake zitakazoandikwa kwenye kadi. Usikatishe kwa sababu mtoto anacheza na kidonda kimekauka. Hata mama mjamzito au anayenyonyesha akiumwa, anachanjwa bila hofu.

Hadi hapo umefanya sehemu ya hospitali. Je, imetosha? Haijatosha. Mbwa yule bado yuko njiani, na watoto wengine wanapita njia ile ile kwenda shule. Hapa ndipo watu wa mifugo wanapoingia.

Karani na daftari lake

Mtu wa kwanza utakayemkuta ofisi ya mifugo huenda ni karani. Usimdharau kwa sababu hana koti jeupe. Yeye ndiye anayeandika: kijiji gani, siku gani, mbwa wa nani, ameuma wangapi, ana rangi gani, alionekana vipi. Mpe habari hizo zote. Mwambie kama mbwa alikuwa akitokwa na mate, akiuma vitu ovyo, akiyumba, au kama alikuwa mbwa mpole aliyebadilika ghafla. Ukisahau kila kitu, kumbuka mambo matatu: mahali, mnyama, na watu walioguswa.

Daftari la karani ndilo linaloonyesha kwamba mbwa walewale wameuma watu wanne katika vijiji viwili. Bila daftari, kila mama anabeba taabu yake peke yake na hakuna anayejua kwamba ugonjwa umeingia. Kadhalika daftari ndilo linaloonyesha ni mbwa gani walichanjwa na lini. Kama mbwa wako amechanjwa, umepewa kadi. Iweke pamoja na kijitabu cha kliniki cha mtoto. Zote mbili ni kadi za kumlinda mtoto mmoja.

Msaidizi anayekuja kijijini

Huyu ndiye wengi wenu mnamfahamu. Anakuja na pikipiki na kisanduku cha barafu. Amesoma chuo cha afya ya wanyama, kama kile cha Kabete, Ndomba au Nyahururu, akapata cheti au diploma. Ndiye anayechanja mbwa na mbuzi, anayetibu ng'ombe mwenye homa, anayefunga kidonda, na anayemwita daktari jambo likimzidi.

Katika mfano wetu, msaidizi ndiye atakayekuja kumtafuta mbwa. Kama mbwa ana mwenyewe na anaonekana mzima, atafungwa na kuangaliwa kwa siku 10. Akiwa mzima baada ya siku hizo, daktari wa hospitali ataambiwa, na huenda akasimamisha sindano zilizobaki. Lakini uamuzi huo ni wa daktari. Si wako, wala si wa jirani mwenye mbwa anayekwambia, "Mbwa wangu hana neno."

Naomba hapa nitie mkazo. Watu wakimwona mbwa ameuma, humpiga hadi afe, wakamtupa kichakani au wakamzika. Mbwa akizikwa hivyo, habari zake zimezikwa pamoja naye. Hatutajua tena kama alikuwa na kichaa. Na waliomburura kwa mikono mitupu wamegusa mate yake. Ikiwezekana mfungieni mahali, watoto wakae mbali, na mwite mtu wa mifugo. Kama ameshakufa, asiguswe hadi mtu wa mifugo afike.

Pia jueni jambo hili: kuna sheria ya mwaka 2011 inayotaka madaktari wa mifugo na wasaidizi wao wawe wameandikishwa na Bodi ya Mifugo ya Kenya. Basi una haki ya kumwuliza anayekuja na sindano, "Mwanangu, umeandikishwa?" Si utovu wa adabu. Msaidizi wa kweli hatakasirika. Anayekasirika ndiye wa kutiliwa shaka.

Kijana anayeshika mnyama na kusafisha

Kila kliniki ya mifugo ina watu wa mkono. Mmoja anamshika mbwa wakati wa sindano, anafunga mdomo wake kwa kamba, anasafisha vizimba, anachemsha vyombo, anamwaga dawa sakafuni na kukusanya sindano zilizotumika. Kazi yake inaonekana ndogo, mshahara wake ni mdogo, lakini yuko karibu na meno na damu kuliko mtu mwingine yeyote.

Siku ya chanjo ya mbwa, nimeona watoto wakitumwa kuwaleta na kuwashika mbwa. Mama, huyo mtoto asishike. Mbwa akisikia maumivu humgeukia aliye karibu, na mtoto kwa kimo chake yuko usawa wa mdomo wa mbwa. Akiumwa usoni au kichwani, hatari ni kubwa zaidi. Mwache mtu mzima anayejulikana na mbwa amlete akiwa amefungwa kamba, na kazi ya kumshika mwachie mwenye ujuzi.

Na kama huyo kijana wa kliniki, au wa machinjio, ni mume wako au mwanao, nina neno lako pia. Anayeshika mbwa kila siku anafaa achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa kabla hajaumwa. Mwulize kama amepata. Mwulize kama anapewa glavu na viatu vya mpira. Akirudi nyumbani, anawe mikono na miguu kabla hajambeba mtoto. Nguo zake za kazi usizifue katika beseni moja na nepi. Zifue peke yake kwa sabuni na maji ya moto, uzianike juani. Akipata homa, mwambie mwuguzi au daktari kazi anayofanya. Usiseme tu "ana homa". Neno hilo moja la kazi yake linaweza kutuonyesha njia.

Mtaalamu wa maabara

Kuna mtu ambaye huenda usimwone kamwe, lakini jibu lako liko mikononi mwake. Hapa Pwani tuna maabara ya uchunguzi wa mifugo kule Mariakani, na maabara kuu iko Kabete, Nairobi. Msaidizi akichukua damu ya mbuzi wako au sehemu ya mnyama aliyekufa, huipeleka huko ikiwa imefungwa vizuri ndani ya barafu.

Kazi hii inataka uvumilivu, kwa hiyo usichoke kufuatilia. Rudi ukaulize: "Majibu ya mbuzi wangu yametoka?" Na yakitoka, tuambie na sisi zahanati. Ukweli ni kwamba homa nyingi hapa kwetu tunazifikiria malaria kwanza, na ni sawa kupima malaria. Lakini mtoto au mama akipimwa asionekane na malaria, na homa inaenda na kurudi wiki baada ya wiki, na jasho usiku, na viungo vinauma, sharti tujiulize jambo lingine. Ugonjwa wa brusela huja hivyo hivyo, kwa maziwa yasiyochemshwa au kwa kugusa mnyama aliyetupa mimba. Ukiniambia, "Sista, mbuzi wetu wawili wametupa mimba mwezi uliopita," umenipa dawa nusu.

Chemsha maziwa mpaka yatokote, hata kama ni ya ng'ombe wako mwenyewe unayempenda. Hata mtindi, tengeneza kwa maziwa yaliyochemshwa kwanza.

Mkaguzi wa nyama na muhuri wake

Huyu yuko machinjioni alfajiri, wakati wewe bado umelala. Humtazama mnyama akiwa hai, kama anasimama vizuri, kama anapumua vizuri. Akishachinjwa, hukagua mapafu, maini, moyo na nyama yenyewe. Anatafuta vivimbe vya kifua kikuu, minyoo, malengelenge ya tegu, na mengine ambayo jicho lisilofunzwa haliyaoni. Nyama nzuri hupigwa muhuri. Mbaya huharibiwa, hata kama mwenyewe atanung'unika.

Mama, ukienda buchani uliza muhuri uko wapi. Nyama ya bei rahisi sana inayouzwa usiku, ndani ya gunia, bila muhuri, si rahisi kamwe. Mkichinja nyumbani kwa harusi au kwa hanga, nendeni ofisi ya mifugo mapema mkaulize utaratibu wa mkaguzi kuja. Mnalisha watu wengi kwa sufuria moja.

Na nyama ya kibudu, yaani ya mnyama aliyekufa mwenyewe, haifai. Najua njaa haina adabu. Najua ukame ukikaza kule Ganze na Magarini, kumzika ng'ombe mzima kunauma roho. Lakini mnyama aliyekufa ghafla, akatokwa na damu nyeusi puani au nyuma, huenda ana kimeta. Ukimpasua tu, vijidudu vyake vinaingia ardhini na kukaa miaka mingi. Mtoto akishika nyama ile, anapata kidonda chenye kigaga cheusi katikati, na kinaweza kumuua asipotibiwa. Usichune, usipasue, usile. Mwite mtu wa mifugo akuonyeshe namna ya kumzika au kumchoma.

Mtoa habari wa kijiji

Katika vijiji vingi kuna mtu wa kujitolea anayepeleka habari za magonjwa ya wanyama. Hatibu, wala hatoi sindano. Kazi yake ni kuona na kusema. Kwa upande wa watu, tuna wahamasishaji wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba. Ningependa hawa wawili wawe wanazungumza, na wewe mama unaweza kuwaunganisha, maana unawajua wote.

Kwa nini jambo hili ni muhimu? Tukumbuke mwisho wa mwaka 2006 na mwanzo wa 2007. Mvua ilinyesha kupita kiasi, maji yakajaa, mbu wakazaana. Mbuzi na kondoo wakaanza kutupa mimba kwa wingi. Halafu watu wakaanza kuugua. Ilikuwa homa ya Bonde la Ufa. Ilianzia upande wa Garissa, na Mkoa wa Pwani wa wakati ule haukusalimika. Zaidi ya watu 150 walifariki nchini Kenya. Wengi walioambukizwa waligusa damu au nyama ya wanyama wagonjwa, na wengine waliumwa na mbu.

Masoko ya mifugo yalifungwa na kuchinja kukakatazwa katika sehemu zilizoathirika. Watu walilalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika, kwa maana karo na unga hutoka kwenye mbuzi huyo. Lakini msaidizi anayefunga soko hafanyi hivyo kukukomoa. Habari ikifika mapema, eneo dogo hufungwa kwa muda mfupi. Ikichelewa, hufungwa eneo kubwa kwa muda mrefu, na makaburi yameshachimbwa.

Basi mvua kubwa ikinyesha, ukaona mbuzi wanatupa mimba mmoja baada ya mwingine na vitoto vinakufa, usingoje. Peleka habari siku hiyo. Usiguse kitoto kilichotoka wala kondo la nyuma kwa mikono mitupu, hasa ukiwa mjamzito. Usimtume mtoto akitupe.

Maswali ambayo kina mama huuliza

*Sista, mimi sina mbwa. Chanjo ya mbwa inanihusu nini?* Inakuhusu, kwa sababu mtoto wako anapita kwa wenye mbwa. Watu karibu wote wanaokufa kwa kichaa cha mbwa duniani huambukizwa na mbwa, na watoto ni wengi miongoni mwa wanaoumwa. Mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa pa kupita. Pemba, kisiwa kilicho ng'ambo yetu kule Tanzania, waliwachanja mbwa miaka kadhaa kuanzia 2010 hadi ugonjwa ukakoma. Baadaye ukaingia tena mwaka 2016, ikabidi wachanje upya hadi ukakoma tena mwaka 2018. Hilo linatufundisha kwamba chanjo inafanya kazi, na kwamba tukilala, ugonjwa unarudi. Kila tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani. Uliza ofisi ya mifugo kama kutakuwa na chanjo katika wadi yako.

*Naweza kununua dawa duka la agroveti nimdunge mbuzi mwenyewe?* Usifanye hivyo. Dawa isiyofaa au ya kipimo kidogo haiponyi, na vijidudu huizoea. Tena kila dawa ina siku za kungoja kabla ya kunywa maziwa au kula nyama ya mnyama huyo. Siku hizo zimeandikwa kwenye chupa. Mwulize msaidizi, "Maziwa tunywe lini?" Asipokujibu, usimpe mtoto maziwa hayo.

*Ofisini wanaume ndio wanaosikizwa. Mimi nitasikizwa?* Dada yangu, wewe ndiye unayekamua, wewe ndiye unayefagia zizi, wewe ndiye unayejua mbuzi gani hakula tangu jana. Habari zako ndizo za kweli. Nenda na mwenzako kama unaona haya, na hakikisha karani ameandika. Wasaidizi wa mifugo wanawake nao wapo, na binti yako anayependa wanyama anaweza kusomea kazi hiyo hiyo.

Mambo ya kukumbuka

1. Mtoto akiumwa na mbwa, osha kwa sabuni na maji dakika 15, hospitali siku hiyo hiyo, na maliza sindano zote.
2. Siku hiyo au kesho yake, mtume mtu ofisi ya mifugo. Mwambie karani mahali, mnyama, na walioguswa.
3. Mbwa aliyeuma asitupwe wala kuguswa. Mwite msaidizi.
4. Watoto wasishike mbwa siku ya chanjo.
5. Nunua nyama yenye muhuri. Usile kibudu. Chemsha maziwa.
6. Mbuzi wakitupa mimba, mwambie mtoa habari wa mifugo, na ukiwa na homa, umwambie muuguzi pia.

Kabla sijakuacha, nakupa kazi moja ya nyumbani. Wiki hii, ukienda sokoni, pitia ofisi ya mifugo iliyo karibu nawe. Huhitaji kuwa na mgonjwa. Piga hodi, uwasalimu, uulize jina la msaidizi wa wadi yako na nambari yake ya simu. Iandike kwa kalamu nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto, mahali ambapo hata jirani atakayebaki na mtoto anaweza kuiona. Siku ya shida hutakuwa na muda wa kuuliza.

Mkikutana kwenye kikundi chenu, zungumzeni juu ya haya: Katika kijiji chetu, ni nani mtoa habari wa mifugo? Mbwa wangapi wana kadi? Nyama tuliyokula kwenye sherehe ya mwisho, nani aliikagua?

Nawatakia afya njema nyinyi, watoto wenu, na mifugo yenu. Hadi kipindi kijacho, kwaherini.